Uchambuzi: Nani aanze kuchimba? Maji, umeme na barabara katika mtaa wa New Site, Juba

Katika mitaa mipya ya kaskazini mwa Juba, ukiwemo New Site, nyumba hutangulia na huduma hufuata. Mwenye kiwanja hujenga ukuta, kisha vyumba, kisha huchimba shimo la choo na kuinua tangi la maji juu ya mnara wa chuma. Njia nyingi zinazopita mbele ya malango hayo bado ni za udongo. Katika miaka ijayo, kila moja ya njia hizo itatakiwa kubeba bomba la maji, nguzo za umeme, mkongo wa mawasiliano, mtaro wa mvua na hatimaye lami. Swali linalosubiri jibu ni nani kati ya watoa huduma hao ataanza kuchimba, na nani atahakikisha kwamba anayefuata habomoi kazi ya aliyetangulia.

Kwa mtazamo wa haraka, hilo ni jambo la wahandisi. Lakini ndilo linaloamua bei ya pipa la maji, urefu wa giza bomba au waya unapokatwa, na usalama wa maji yanayofika jikoni. Linawagusa kwa namna ya pekee wasikilizaji wa Kiswahili walioko Juba: wafanyabiashara na mafundi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo, pamoja na raia wa Sudan Kusini waliorejea baada ya miaka mingi Kakuma, Nairobi au Kampala. Wengi wao ni wapangaji. Kiwanja si chao, lakini gharama ya huduma inayokosekana huingizwa katika kodi yao na katika bei ya bidhaa wanazonunua na kuuza.

Huduma zinazofika kila moja kwa njia yake

Tangu mkataba wa amani wa Januari 2005 uliomaliza vita vya Kaskazini na Kusini, na zaidi tangu uhuru wa Julai 2011, Juba imepanuka kwa kasi ambayo hakuna ofisi iliyoweza kuipima vizuri. Sensa ya mwisho nchini ilifanyika mwaka 2008, kabla ya uhuru. Kila mradi uliokuja baada ya hapo umelazimika kukisia idadi ya watu utakaowahudumia, na kila mmoja umekisia kwa hesabu zake.

Umeme ni mfano wa kwanza. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwaka 2013 mradi wa kukarabati na kupanua mtandao wa usambazaji umeme wa Juba. Vita vilivyozuka Desemba mwaka huo vilichelewesha kazi. Kwa miaka kadhaa jiji liliishi kwa jenereta za watu binafsi, hadi Novemba 2019, Rais Salva Kiir alipozindua awamu ya kwanza ya megawati 33 ya mtambo wa mafuta uliojengwa na kundi la kampuni za Ezra. Kampuni ya usambazaji, JEDCO, iliyoundwa kwa ubia kati ya Ezra na Shirika la Umeme la Sudan Kusini, ilianza kusimika nguzo na kuwafungia wateja mita za kulipia kabla ya matumizi.

Maji yalifika kwa njia nyingine. Japani, kupitia shirika lake la ushirikiano wa kimataifa, JICA, ilikubali mwaka 2012 kugharimia upanuzi wa mfumo wa maji ya Juba. Mtambo wa zamani uliokuwepo kando ya Mto Nile uliweza kusafisha takriban mita za ujazo 7,200 kwa siku. Mradi mpya ulilenga kuongeza mita za ujazo 10,800, pamoja na vituo vya umma vya kuchotea maji vipatavyo 120 na vituo 8 vya kujazia malori. Mapigano ya Desemba 2013 na yale ya Julai 2016 yaliwaondoa wahandisi nchini. Kazi ilikamilika mwaka 2023, yaani miaka 11 baada ya makubaliano.

Mkongo wa mawasiliano ulifuata njia ya tatu. Barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Juba hadi Nimule, mpakani mwa Uganda, iliyojengwa kwa fedha za Marekani, ilifunguliwa mwaka 2012. Mkongo uliotoka mpakani hadi Juba, uliowekwa na kampuni ya Liquid Telecom, ulizinduliwa Februari 2020, zaidi ya miaka saba baada ya lami kukamilika. Ujenzi wa barabara kuu na uwekaji wa mkongo ukawa miradi miwili yenye wafadhili wawili na ratiba mbili katika uelekeo mmoja.

Hakuna kati ya miradi hii unaostahili lawama kwa kuwepo kwake. Kila mmoja umeleta kitu ambacho jiji lilikikosa. Tatizo ni kwamba kila mmoja ulichorwa kana kwamba barabara ni yake peke yake. Mradi wa umeme una ramani ya nguzo, wa maji una ramani ya mabomba, na wa mawasiliano una ramani ya mkongo. Ramani moja inayoonyesha vyote vitatu kwa mtaa kama New Site, na inayomlazimisha kila mkandarasi kuifuata, ndiyo inayohitajika kabla kazi kubwa zaidi hazijaanza.

Ofisi nyingi juu ya ardhi moja

Sababu ya hali hii iko katika mgawanyo wa madaraka. Umeme uko chini ya Wizara ya Nishati na Mabwawa. Maji yako chini ya Wizara ya Rasilimali za Maji na Umwagiliaji, kupitia Shirika la Maji Mijini. Barabara kuu ziko chini ya Wizara ya Barabara na Madaraja. Mawasiliano yanasimamiwa na mamlaka yake ya kitaifa. Viwanja hugawiwa na serikali ya Jimbo la Equatoria ya Kati. Barabara za ndani, masoko na taka ni kazi ya Halmashauri ya Jiji la Juba, na jiji linapopanuka kuelekea kaskazini hukutana na Payam ya Northern Bari, ambayo ni ya Kaunti ya Juba.

Mipaka hiyo yenyewe haikutulia. Mwishoni mwa mwaka 2015 majimbo 10 ya nchi yaligawanywa kuwa 28, na baadaye 32. Juba ikawa makao makuu ya jimbo jipya lililoitwa Jubek. Februari 2020, kwa ajili ya kuundwa kwa serikali ya umoja wa kitaifa, majimbo 10 yalirejeshwa na Equatoria ya Kati ikarudi. Kwa hiyo JEDCO ilianza kutoa huduma chini ya jimbo moja na miezi michache baadaye ikajikuta chini ya lingine. Mabadiliko ya namna hiyo yanapotokea, majalada huhamishwa na maofisa hubadilishwa, na makubaliano ambayo hayakuandikwa huondoka pamoja na waliokubaliana.

Kuna jambo la nne ambalo huzungumzwa kidogo. Septemba 2011, miezi miwili baada ya uhuru, Baraza la Mawaziri liliamua kwamba mji mkuu uhamishiwe Ramciel, katikati ya nchi. Uhamisho huo haujafanyika, lakini uamuzi huo uliiacha Juba katika nafasi ya mji unaokaliwa kwa muda, mji ambao ni rahisi kuutengea mradi kuliko kuutengea mpango. Wakati huohuo watu hawakuacha kuja, wala viwanja havikuacha kugawiwa.

Ndiyo maana hata upana wa barabara umekuwa jambo la mzozo. Mwaka 2009 mamlaka za jimbo ziliendesha ubomoaji mkubwa wa nyumba na vibanda vilivyokuwa katika maeneo ya umma na hifadhi za barabara mjini Juba. Maelfu ya watu waliathirika. Somo la mwaka ule lingali na uzito: hifadhi ya barabara isipowekewa alama ardhini mapema, hujazwa na ukuta, kibanda au nguzo, na kuirudisha hugharimu nyumba za watu.

Gharama inayolipwa langoni

Athari za kutopatana kwa watoa huduma huonekana kwanza katika maji. Mita za ujazo 18,000, ukijumlisha mtambo wa zamani na mpya, ni sawa na mapipa 90,000 ya lita 200 kwa siku iwapo mitambo yote itafanya kazi kwa uwezo wake kamili. Ni kiasi kikubwa ukilinganisha na yaliyokuwepo kabla. Lakini kwa kaya nyingi maji hayo hayafiki kwa bomba la nyumbani. Hufika kwa lori lililojazwa kituoni, likapita mtaani na kumimina katika mapipa na matangi.

Hapa ndipo barabara inapogeuka kuwa bomba. Mvua za Juba hunyesha kwa sehemu kubwa kati ya Aprili na Oktoba, na mtaa usio na mitaro hugeuka tope. Lori la maji likishindwa kupita, maji yaliyosafishwa kwa gharama ya wafadhili hubaki kituoni, na mkazi hununua kwa bei ya juu kutoka kwa yeyote aliyeweza kupenya, au huchota kisimani. Wizara ya maji inaweza kuwa imetimiza wajibu wake wote, na bado mkazi akakosa maji kwa sababu wajibu wa mtaro ulikuwa wa ofisi nyingine.

Uhusiano huo unaenda mbali zaidi. Pampu za maji zinahitaji umeme au dizeli. Umeme ukikatika na dizeli ikikosekana, msukumo katika mabomba hushuka. Bomba lenye ufa, au lililochubuliwa na sururu ya fundi wa nguzo, huvujisha maji nje wakati kuna msukumo. Msukumo ukiisha, hufyonza ndani kilicho pembeni yake. Juba haina mtandao wa majitaka unaoufikia mji wote. Vyoo vya mashimo na matangi ya majitaka viko ndani ya viwanja, mita chache kutoka mahali mabomba yanapopita. Ufa mdogo katika bomba lenye msukumo usio wa kudumu ni hatari ya kiafya, hata kama maji yalitoka mtamboni yakiwa safi.

Sudan Kusini inajua maana ya hatari hiyo. Mei 2014 kipindupindu kilitangazwa mjini Juba kwenyewe. Mlipuko mwingine uliotangazwa Oktoba 2024, ulioanzia mji wa Renk kaskazini mwa nchi, ulienea katika majimbo mengi na kuua watu zaidi ya 1,000. Vita, mafuriko na wakimbizi waliotoka Sudan vilichangia kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo chanjo na dawa haziwezi kuchukua nafasi ya bomba zima na choo kisichovuja.

Katika umeme, gharama huja kwa sura nyingine. Nguzo ni rahisi kusimika kwa sababu hazihitaji mtaro mrefu, na kwa hiyo mara nyingi hutangulia. Lakini nguzo iliyosimikwa kabla ukingo wa barabara haujaamuliwa huwa ndiyo inayouamua ukingo huo. Siku greda litakapokuja kupanua njia na kuchimba mtaro, nguzo italazimika kung'olewa na mtaa kukaa gizani. Gharama hiyo kampuni huirudisha kwenye bei ya umeme au serikali huilipa kutoka hazina. Tangu bomba la kusafirishia mafuta ghafi lipasuke nchini Sudan Februari 2024 na kupunguza mapato ya taifa kwa kiwango kikubwa, hazina ya Sudan Kusini haina nafasi ya kulipia kazi moja mara mbili.

Kusubiriana nako kuna bei

Ipo hoja yenye nguvu dhidi ya uratibu, na haifai kupuuzwa. Katika nchi ambako amani imevunjika mara mbili ndani ya miaka mitatu, anayesubiri wenzake anaweza kupoteza kila kitu. Kama mradi wa umeme ungesubiri wa maji ukamilike, Juba ingekaa bila mtandao wa umeme hadi mwaka 2023. Kama Japani ingesubiri ofisi zote zikubaliane ramani, huenda vituo vya maji visingekuwepo hadi leo. Wafadhili hupewa muda wa kutumia fedha, na fedha isiyotumika hurudi ilikotoka. Wakazi nao wangeuliza, kwa haki, ni faida gani ya mpango mzuri kwa mtu anayekunywa maji ya mto.

Hoja hiyo inaonyesha kosa la kufikiria uratibu kama foleni, ambapo wa pili haanzi mpaka wa kwanza amalize. Kinachohitajika ni chepesi zaidi. Kila mmoja aendelee kwa ratiba yake, lakini aache nafasi ya wengine. Anayejenga barabara alaze mabomba matupu chini ya lami kwenye kila makutano, ili bomba la maji au mkongo upitishwe baadaye bila kukata lami. Anayesimika nguzo asimike upande uliokubaliwa, umbali uliokubaliwa kutoka mstari wa viwanja. Anayelaza bomba la maji alilaze upande wa pili, na aandike kina na mahali lilipo. Nafasi ya mtaro iachwe wazi, hata kama mtaro wenyewe utachimbwa miaka mitano baadaye.

Kanuni hizo hazimcheleweshi mtu. Bomba tupu la plastiki chini ya barabara inayojengwa ni sehemu ndogo sana ya gharama ya ujenzi. Kukata lami, kuchimba, kufukia, kushindilia na kuweka lami upya ni kazi nyingine kabisa, na kiraka kinachobaki huwa ndipo maji ya mvua yanapoanzia kuila barabara.

Yaliyowakuta majirani

Miji ya Afrika Mashariki imekwisha kulipa kwa ajili ya somo hili. Wakati wa upanuzi wa barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50 na iliyozinduliwa Novemba 2012, kuhamisha mabomba, nyaya na mikongo kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochelewesha kazi. Jijini Dar es Salaam, awamu ya kwanza ya barabara za mabasi yaendayo haraka, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, nayo ilitanguliwa na kazi ngumu ya kuondoa miundombinu iliyokuwa imelazwa kwa miongo kadhaa kandokando ya Barabara ya Morogoro. Katika miji hiyo, ramani za zamani hazikulingana na kilichokutwa ardhini.

Kwa New Site, hata hivyo, mfano wa karibu zaidi ni mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2002. Serikali ya Tanzania ilipima na kuuza maelfu ya viwanja katika maeneo ya pembezoni, na upimaji wenyewe ulifanikiwa kupita lengo. Barabara zilichorwa na hifadhi ziliachwa. Kilichokosekana ni mkataba wa kuwafungamanisha watoa huduma za maji na umeme na ratiba ya viwanja. Wanunuzi wengi walikaa miaka wakiwa na hati ya kiwanja kisicho na maji. Wengine waliacha kujenga, wengine walijenga na kuchimba visima vyao. Mpango wa ardhi peke yake, hata ukiwa mzuri, hauleti bomba.

Mfano unaotia moyo uko Mukuru, Nairobi. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi iliutangaza mtaa huo wa mabanda kuwa eneo maalumu la mipango. Wakazi, vyuo vikuu, mashirika ya kiraia na idara za kaunti waligawana mada, zikiwemo maji, majitaka, nishati, barabara na makazi, kisha wakaziunganisha katika mpango mmoja. Kazi za barabara, maji na majitaka zilipoanza mwaka 2020, upana wa njia ulikuwa umejadiliwa na wakazi wenyewe. Haikuwa kazi isiyo na malalamiko, lakini ilionyesha kwamba hata mahali palipojaa nyumba, mabomba na njia vinaweza kuchorwa katika mpango mmoja.

Wapo wanaopendekeza kwamba dawa ni kuunganisha mashirika yawe moja. Uzoefu wa Maziwa Makuu hauungi mkono jambo hilo moja kwa moja. Nchini Burundi, shirika la REGIDESO husimamia maji na umeme kwa pamoja. Rwanda ilikuwa na utaratibu kama huo, kisha mwaka 2014 ikaligawa shirika lake kuwa mawili, moja la nishati na jingine la maji. Kuwa chini ya paa moja hakumzuii fundi wa idara moja kukata bomba la idara nyingine ikiwa hana ramani mkononi. Jambo la msingi ni nani anayemiliki njia, na kama ana uwezo wa kisheria wa kusema hapana.

Katika hilo, Kenya na Tanzania zimeweka msingi. Sheria zao za barabara za mwaka 2007 zinataka anayetaka kupitisha bomba au waya katika hifadhi ya barabara apate kwanza kibali cha mamlaka ya barabara husika. Utekelezaji una mapungufu, lakini angalau yupo wa kuulizwa. Japani yenyewe, iliyogharimia maji ya Juba, ilitunga mwaka 1963 sheria maalumu ya mahandaki ya pamoja ya huduma chini ya barabara za miji yake. Mahandaki ya namna hiyo ni ghali mno kwa New Site. Wazo lililo nyuma yake, kwamba mwenye barabara ndiye anayepanga wageni wote wa chini ya barabara, halihitaji fedha nyingi.

Juba pia inalo somo kwenye mpaka wake wa mashariki. Barabara inayotoka Eldoret hadi Nadapal upande wa Kenya, katika ushoroba unaoelekea Juba, ilibuniwa na Benki ya Dunia na serikali ya Kenya ikiwa na mkongo wa mawasiliano ndani ya mradi huohuo. Ni kinyume cha kilichotokea katika njia ya Nimule. Mfadhili akiombwa mapema, anaweza kukubali kuchimba mara moja.

Kinachowezekana sasa

Faida kubwa ya New Site ni ile inayoonekana kuwa udhaifu wake. Kwa kuwa chini ya njia zake nyingi bado hakujajaa mabomba na mikongo, kupanga leo kunagharimu wino na vikao, wakati kupanga baada ya miaka 10 kutagharimu kuhamisha. Nairobi na Dar es Salaam haziwezi kuurudisha wakati huo. Juba bado inao, lakini unapungua kwa kila nguzo inayosimikwa na kila ukuta unaojengwa.

Hatua ya kwanza ni mchoro mmoja wa kawaida wa barabara ya mtaa, unaoonyesha mahali pa nguzo, bomba, mkongo, mtaro na mti, na kina cha kila kimoja. Mchoro kama huo ni ukurasa mmoja. Ukitiwa saini na wizara ya jimbo inayosimamia ardhi, Halmashauri ya Jiji, Shirika la Maji Mijini, JEDCO na mamlaka ya mawasiliano, kila mfadhili anayekuja anaweza kukabidhiwa kabla hajaanza kuchora wa kwake.

Hatua ya pili ni kibali cha kuchimba chenye amana. Kampuni au fundi anayetaka kukata njia aweke fedha ambazo atarudishiwa baada ya kufukia na kushindilia ipasavyo na kuwasilisha vipimo vya alichokilaza. Fedha hiyo huleta ramani ambayo maombi ya barua hayajawahi kuileta. Kibali lazima kitolewe na dirisha moja. Kikigeuka kuwa vibali vitano vyenye ada tano, wakandarasi watachimba usiku.

Hatua ya tatu ni kuvipa vijito vya msimu, vinavyoitwa khor kwa wakazi wa Juba, nafasi yao kabla ya kila kitu. Maji ya mvua hayasomi ramani ya viwanja. Kalvati likiwekwa mahali pasipo pake, au bomba likapitishwa katikati ya khor bila kinga, mafuriko ya msimu mmoja hubeba kazi ya miaka mitatu.

Hatua ya nne inahusu wakazi wenyewe. Mara nyingi anayejua bomba limepita wapi ni mtu aliyekuwepo siku linalazwa. Vikao vya mtaa huwaita wenye viwanja na wazee, na ni sawa, lakini wapangaji na wenye maduka wanaolipa maji kila siku wana taarifa ambazo ofisi hazina, na wengi wao wamekwisha kuyaona haya Eastleigh, Kawempe au Mbagala. Kiarabu cha Juba na Kiingereza ndizo lugha za vikao hivyo. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kiswahili ni lugha rasmi ya jumuiya hiyo. Tangazo la kukatwa kwa maji au umeme likitolewa pia kwa Kiswahili litawafikia watu ambao sasa huligundua bomba linapokauka.

Mambo makubwa bado yako nje ya uwezo wa mtaa. Makubaliano ya mwaka 2023 ya kununua umeme kutoka Uganda yanahitaji njia ya kusafirishia umeme yenye msongo mkubwa, na uchaguzi, mapato ya mafuta na usalama vitaamua kasi ya kila mradi. Lakini umeme wa Uganda ukifika Juba, utagawanywa kwa nguzo zilezile katika njia zilezile. Maji yakiongezwa mtoni, yatapita chini ya udongo uleule. Kama njia hizo zitakuwa zimeachiwa nafasi, kila mradi mpya utaongeza huduma kwa mwenye nyumba na mpangaji wa New Site. Kama hazitaachiwa, sehemu ya kila mradi itatumika kufukua ule uliotangulia, na anayelipa tofauti ataendelea kuwa mtu anayesimama langoni na pipa tupu, akisikiliza kama lori la maji limeweza kupita.